Tommy Docherty na Ufundi wa Kujicheka

Waingereza wana desturi ya kumwalika mchezaji au kocha mstaafu kwenye karamu ya jioni. Watu wakishakula na sahani zikaondolewa, mgeni husimama akazungumza, na hulipwa kwa kazi hiyo. Wengi husimulia mabao na vikombe vyao. Tommy Docherty, Mskoti wa Glasgow aliyefariki Desemba 31, 2020 akiwa na miaka 92, alisimulia zaidi jinsi mambo yalivyomharibikia.

Malighafi hakuikosa. Uwanjani alikuwa kiungo mgumu: akiwa klabu ya Preston alirithi nafasi ya kiungo Bill Shankly, na Uskoti aliichezea mechi 25. Ukocha aliuanza Chelsea, timu ikashuka daraja 1962. Akairudisha mwaka mmoja baadaye kwa kikosi cha vijana na kutwaa Kombe la Ligi 1965. Baada ya hapo akawa mtu wa virago mkononi: Rotherham, Queens Park Rangers alikodumu muda usiofika mwezi, Aston Villa, Porto, timu ya taifa ya Uskoti, Manchester United, na nyingine nyingi.

Tazama alivyokijenga kichekesho cha Rotherham. Niliwaahidi, alisema, kwamba nitaitoa timu hii Daraja la Pili. Msikilizaji ameshaona shangwe za kupanda. Kumbe: na kweli nikaitoa, nikaipeleka la Tatu. Hakuna uongo hata chembe, maana Rotherham ilishuka 1968. Alichoficha ni upande tu, akaufichua mwishoni kabisa. Msimuliaji wa kawaida angeishia hapo. Docherty aliongeza kwamba mwenyekiti alimpongeza: wewe ni mtu wa kutimiza ahadi. Wanaocheka wanachekeshwa tena kabla hawajavuta pumzi.

Cha Villa ni kifupi zaidi. Mwenyekiti alipomhakikishia kuwa yuko nyuma yake, Docherty alijibu kwamba afadhali akae mbele, ili amwone. Kila kocha aliyewahi kusikia uongozi ukitangaza kwamba una imani naye anaelewa.

Hata pigo lake kubwa aliligeuza kichekesho. Mei 1977 United iliifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Kombe la FA na kuizuia kubeba mataji matatu msimu huo. Julai akatimuliwa, kwa sababu ya uhusiano wake na mke wa mtaalamu wa tiba wa timu. Alizoea kusema kwamba yeye ndiye kocha wa kwanza kufukuzwa kwa kupenda. Mzaha huo haukufuta maumivu ya familia mbili, lakini uliwanyang'anya wasengenyaji silaha: wangesema nini ambacho hajakisema mwenyewe, tena vizuri kuwashinda?

Benchi aliliacha 1988, akiwa Altrincham. Ukumbini aliendelea kuitwa miaka mingi baadaye.

Makocha wetu wastaafu wakialikwa redioni, mara nyingi hutuhesabia waamuzi waliowaonea na viongozi waliowahujumu. Siku moja wajaribu kutueleza walivyoshindwa wenyewe, kwa ufupi, bila kisingizio. Tutacheka, na hayo mengine watakayoyasema tutayaamini.