Rangi Inayobaki kwenye Negativu

Negativu iliyosafishwa kwa pairo, dawa ya kusafishia filamu, haifanani na negativu nyingine za nyeusi na nyeupe. Ukiishika kingo ukaiinamisha dirishani, unaona manjano yenye ukijani yametanda, hasa palipopigwa na mwanga mkali: mawingu, maji, bega la mtu. Asiyejua ataiosha upya akidhani dawa haijatoka.

Kumbe hiyo rangi ndiyo kazi yenyewe. Dawa inapoijenga picha ya fedha kwenye filamu, nayo hugeuka, na masalia yake yakaishika jelatini kama hina kiganjani. Palipo na fedha nyingi, rangi hukolea. Karatasi ya kuchapia huathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, na manjano huuzuia huo huo; kwa hiyo kile ambacho jicho linakiona chepesi, karatasi inakiona kizito. Fundi anayeichapa hana budi kulijua hilo.

Mpiga picha Edward Weston, wa Carmel, California, alilijua. Filamu zake za inchi 8 kwa 10 alizisafisha kwa pairo, akiziinua mbele ya taa hafifu ya kijani kuona zimefikia wapi, na jicho ndilo lililoamua zitoke lini. Subira hiyo leo haina soko.

Pairo ni sumu, tena hupenya ngozini. Weston alipopata ugonjwa wa Parkinson, wapo walioinyooshea kidole dawa hiyo, ingawa hakuna aliyethibitisha. Baada ya kifo chake mwaka 1958, mwanawe Cole aliendelea kuzichapa negativu za baba. Brett, mwana mwingine na mpiga picha hodari, aliona vingine: Desemba 1991, siku alipotimiza miaka 80, alizitia negativu zake motoni, akishikilia kwamba zisichapwe na mkono mwingine. Ni vigumu kumlaumu, na ni vigumu kutosikitika.

Miaka hiyo hiyo mpiga picha Gordon Hutchings alitoa kitabu kuhusu pairo pamoja na mchanganyiko wake, PMK, na dawa ikapata wapenzi wapya. Lakini wengi wao sasa huipitisha negativu kwenye skana, wakaigeuza kijivu, rangi ikapotea bila kugusa karatasi. Mawingu yakitoka makavu, wanayarekebisha kwa kipanya. Sumu yote ile ilikuwa ya nini, basi?