Dawa Nyekundu na Chumvi ya Mbolea

Mkulima wa mahindi wa Misima, wilayani Handeni, anaijua SA, mbolea ya salfeti ya amonia. Chumvi hiyohiyo, ikisafishwa kwa viwango vya dawa, ndiyo iliyowezesha doksorubisini, dawa ya saratani, kufungiwa ndani ya kiputo cha mafuta na kupita kwenye damu bila kumwagika njiani.

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa wa saratani ya matiti hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, huenda ameiona doksorubisini: dawa nyekundu inayoingia mshipani taratibu, na baadaye mkojo nao unakuwa mwekundu. Inaua seli za saratani kwelikweli, lakini haichagui. Nywele hupukutika, na dozi zikizidi moyo hudhoofika, ndiyo maana daktari huhesabu jumla ya dozi alizopata mgonjwa maishani mwake.

Watafiti Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, wa Yerusalemu, waliitafutia dawa hii chombo. Kinaitwa liposomu, na utengenezaji wake unastahili kutazamwa bila haraka. Mafuta yatokanayo na soya huchanganywa na kolesteroli na maji yenye salfeti ya amonia, yakajikunja yenyewe kuwa viputo. Viputo husukumwa kupitia utando wenye vitundu, kisha wenye vitundu vidogo zaidi, mpaka vikaribie nanomita 100. Upana wa unywele mmoja unatosha mamia ya viputo hivyo. Halafu chumvi ya nje huondolewa, ya ndani ikabaki.

Hapa ndipo ninapostaajabu. Amonia huvuja kutoka ndani, na kila inapotoka huacha asidi. Mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi, kuta zikalainika, kisha dawa humiminwa. Isiyo na chaji hupenya. Ikikuta asidi ndani hupata chaji, na yenye chaji haipiti tena kwenye mafuta. Ni dema hasa: samaki anaingia, kutoka hawezi. Dawa hushikana na salfeti, ikaganda kuwa fuwele ndefu, hata kiputo cha duara kikavutika. Hakuna anayeisukuma, tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje inafanya kazi yote, na zaidi ya asilimia 90 ya dawa huingia. Mchanganyiko ukipoa kuta hukakamaa, na joto la mwili halitoshi kuzilegeza.

Nje hupachikwa nyuzi za polimeri zinazopenda maji, ili seli za ini na wengu zisikidake kiputo mapema. Kwa hiyo dawa huzunguka kwenye damu siku kadhaa. Mishipa ya uvimbe, iliyoota kwa pupa, ina nyufa za kuipitisha. Mishipa ya moyo imeshonana.

Marekani iliiidhinisha dawa hii ya kwenye liposomu mwaka 1995, kwanza kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI. Kaposi ni ugonjwa wetu, Uganda na Tanzania tunaujua vizuri. Inaniuma kwamba mgonjwa wa Misima, akipewa rufaa Handeni hadi hospitali ya Bombo, Tanga, na Bombo hadi Dar es Salaam, ana uwezekano mkubwa wa kupewa dawa nyingine, vinkristini na bleomaisini au paklitakseli, kwa sababu ya bei.

Shabaha ya liposomu nayo isikuzwe. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa majaribio ya wanyama ulikuta kwamba, kwa kawaida, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Viganja na nyayo pia huweza kuwaka na kuchubuka. Faida kubwa ninayoiona mimi ni kwa moyo, unaonusurika.

Tangu 2013 kuna toleo la dawa hii la kampuni ya Sun Pharma ya India lililoidhinishwa Marekani, kwa hiyo ufundi huu si wa kampuni moja tena. Sehemu yake ya mwisho iko mikononi mwa muuguzi. Chupa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala isigande, maana barafu hupasua viputo. Huchanganywa na maji ya glukosi ya asilimia 5, kamwe si ya chumvi, na dripu ya kwanza huanza kwa miligramu moja kwa dakika, muuguzi akiutazama uso wa mgonjwa usije ukaiva au pumzi ikabana.