Mashine za Risiti kwa Maduka ya Garsen: Muuzaji Achague Nini

Anayenunua mashine za mauzo Mombasa au Nairobi ili aziuze tena Garsen hununua pia safari ya kuzirudisha zikiharibika. Malindi, mji mkubwa ulio karibu, uko zaidi ya kilomita 100, na barabara hutegemea mvua: mafuriko ya mwisho wa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalivuruga vibaya usafiri wa kaunti ya Tana River, iliko Garsen. Kwa hiyo kasi ya mashine, ambayo wenye kuuza huitanguliza, huja nyuma ya swali la kama itatengenezeka njia ikiwa imefungwa.

Uhuru wenyewe wa kuchagua ni wa juzijuzi. Kuanzia 2005, Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) iliwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za kodi zijulikanazo kama ETR, ambazo kumbukumbu yake ya mauzo ilifungiwa ndani ya kisanduku. Mashine hizo ziliuzwa na walioidhinishwa tu, na mwenye duka alichukua alichopewa. Mfumo wa TIMS, ulioanza Agosti 2021, ulibaki na kifaa maalumu lakini ukakiunganisha na KRA kwa intaneti. Ni eTIMS, ya 2023, iliyoitoa kodi kwenye kisanduku na kuiweka katika programu. Tangu hapo printa ni printa tu, na muuzaji anaweza kuichagua kwa sifa zake.

Programu basi ndiyo huamuliwa kwanza. Duka lenye mfumo wake wa mauzo huunganishwa na eTIMS kwa njia mbili: OSCU, inayotaka mtandao uwepo wakati wa kuuza, na VSCU, inayovumilia mtandao unaokatika na kupeleka ankara baadaye. Kwa vijiji vya delta ya mto Tana, ambako mtandao hauaminiki kama mjini, ya pili ni salama zaidi. Biashara ndogo isiyo na mfumo wowote hutosheka na eTIMS Lite, inayopatikana hata kwa kupiga *222# kwenye simu ya kawaida. Mteja wa namna hiyo hana haja ya kuuziwa kitu. Kumbebesha kompyuta yenye kioo cha kugusa ni kumla pesa zake. Wafanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe nao huuza kwa kichwa na kulipana taslimu au kwa simu, na skana haina kazi kwao. Wanaobaki ni maduka ya jumla, hadwea, maduka ya dawa, ya pembejeo, na hoteli zilizo njiani kuelekea Lamu na Hola.

Kwa hao, printa ndiyo roho ya mashine, kwa kuwa ndiyo yenye sehemu zinazosogea na kupata joto. Printa za risiti huchapa kwa joto bila wino, juu ya karatasi ya upana wa milimita 58 au 80. Ile nyembamba huingiza takriban herufi 32 kwa mstari, pana 48. Hoteli hutosheka na 58. Kwenye upana huo, hadwea yenye majina marefu ya bidhaa, vipimo na bei za jumla hukatakata mistari hadi risiti isisomeke, na hapo 80 ndiyo stahiki. Kikatio cha kujiendesha huonekana cha fahari dukani Nairobi, ila vumbi la barabara ya Garsen hukikwamisha, na meno ya kuchania karatasi kwa mkono hayajawahi kuhitaji fundi. Lililo muhimu zaidi ni lugha ya amri. Printa zinazofuata ESC/POS, iliyobuniwa na Epson, huelewana na programu nyingi, hivyo iliyokufa hubadilishwa na ya kampuni nyingine bila kuita mtaalamu.

Umeme una hesabu yake. Printa nyingi za mezani hutumia volti 24, kwa hiyo haziwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12. Zinataka inveta au UPS. Mashine za mkononi za Android, zenye printa ya milimita 58 na betri ndani, huchajiwa kama simu na huendelea kuuza stima ikipotea. Udhaifu wake ni kwamba printa ikifa, mashine nzima huenda kwa fundi. Zenye laini mbili za simu zinafaa zaidi, na yoyote ya kutumia mtandao wa simu lazima iwe imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Karatasi husahaulika, na hapo ndipo lawama huanzia. Joto chini ya mabati huiharibu, na maandishi yake hufifia mapema, ilhali sheria ya kodi hutaka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano. Roli huwekwa gizani, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na nakala halisi ya mauzo hubaki kwenye mfumo.

Skana hazina mengi: ya picha hushinda ya leza, kwa kuwa husoma pia msimbo ulio kwenye kioo cha simu. Mchele, sukari na misumari ya kupima havina msimbo, na kwa hivyo mizani ina uzito kuliko skana. Mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri wa vipimo kila mwaka. Isiyopitishwa haiuzwi, hata ikiunganishwa vizuri na mashine.

Muuzaji wa Garsen hufaidika akishika modeli mbili tu, moja ya mkononi na moja ya mezani, na kuweka akiba ya chaja, roli na angalau mashine moja nzima ya kila aina ya kuwaazimisha wateja. Dhamana ya mwaka mmoja inayotaka mashine ipelekwe Nairobi kwanza haina thamani katika vituo vya eneo hili kama Minjila na Kipini.