Orrorin na Suala la Kufasiri "Hominini"

Jina Orrorin tugenensis lilitangazwa mwaka 2001 na Brigitte Senut, Martin Pickford na wenzao, kwa mabaki ya kiumbe wa miaka ipatayo milioni 6 yaliyopatikana katika Milima ya Tugen, Baringo. Kwa msomaji wa Ziwa, karibu na Eldoret, jina hili halitoki mbali: milima yenyewe iko ng'ambo ya bonde la Kerio, na neno limetwaliwa katika Kitugen, mojawapo ya lugha za Kikalenjin, kwa maana ya "mtu wa asili".

Ni jina zuri, ila lina dai ndani yake. Mfupa wa paja waelekea kuonyesha kwamba kiumbe huyu alitembea kwa miguu miwili. Hauonyeshi kwamba ndiye aliyetuzaa, na wataalamu wangali wakibishana. Zinjanthropus naye alibebeshwa mzigo huohuo. Fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 liliitwa "mtu wa Zinj", kwa jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani ya Afrika Mashariki. Leo lahesabiwa kuwa la Paranthropus boisei, tawi lililokatika.

Kwa hiyo kufasiri "hominini" kwa "mababu wa binadamu" hakufai. Hominini ni ukoo wote wa upande wetu tangu ulipotengana na wa sokwe, na ukooni wamo ami wasioacha uzao. "Zamadamu", ingawa limezoeleka madarasani, lina sauti ya Adamu, nalo lavuta fikira upande uleule wa uzazi. Napendelea tuliweke kwa jenasi Homo peke yake, na ukoo mzima tuuite hominini.