Mkono Unaojua Maji

Bustani ya mtu ikisifiwa, husifiwa mbegu, husifiwa samadi, husifiwa hata wigo uliozungushwa ili kuku wa jirani wasiingie. Kumwagilia hakusifiwi. Kazi hiyo huachiwa mtoto aliyetoka shule au binti wa kazi aliyemaliza vyombo, kana kwamba kubeba maji na kuyamwaga ni jambo la misuli tu. Mimi nadai kinyume. Katika kazi zote za bustani ya nyumbani, tangu kuchimba hadi kuchuma, hakuna yenye ufundi mwingi kama hii, na hakuna inayoharibiwa na watu wengi wenye nia njema kama hii.

Mtaani husemwa kuwa fulani ana mkono wa baraka. Akichomeka kijiti, kinachipua; mwenzake akinunua mche wenye afya, baada ya wiki mbili umekuwa kuni. Mfuatilie huyo mwenye baraka asubuhi moja, utaona kwamba siri iko kwenye kidole chake cha shahada. Kabla hajainua keni, huchomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Akikuta juu pakavu lakini chini pana unyevu, huiacha keni ilipo na kwenda zake. Akikuta juu pamelowa kwa manyunyu ya jana na chini pakavu kama jivu, hapo ndipo anapomwaga, tena kwa utulivu, hadi maji yazame. Uso wa udongo husema uongo kwa namna zote mbili, na bustani nyingi zimekufa kwa mwenyewe kuuamini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita 1 ya maji ikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Siku ya jua kali na upepo, tuta lililojaa mboga laweza kupoteza milimita 5 hivi, mengine yakikauka udongoni na mengine yakitoka kupitia majani. Tuta la mita 1 kwa mita 2, basi, linataka lita 10 kwa siku ya namna hiyo, yaani nusu dumu. Anayelipitishia kikombe hapa na kikombe pale amelilowesha vumbi tu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini bustanini methali hiyo haifui dafu: haba ya leo hukauka kabla haba ya kesho haijafika. Mizizi nayo huenda penye unyevu. Ikizoea kupata maji juujuu haishuki, na siku bomba likikatika mmea mzima unalala. Unyweshe kwa kina, kisha uuache ushuke kuyatafuta.

Hata hivyo udongo nao una tabia zake. Mchanga wa pwani hupitisha maji kama chujio, kwa hiyo hutaka kiasi cha wastani mara nyingi zaidi, na dawa yake ya kudumu ni mboji, inayoufundisha kushika. Mfinyanzi hunywa polepole na husahau polepole; ukiuharakisha, maji yote yanatiririkia njiani. Mtu aliyehama Tanga kwenda kwenye mfinyanzi mweusi wa bara akaendelea kumwagilia kwa mazoea ya kwao ataozesha mizizi ndani ya msimu mmoja, ingawa hakubadilisha chochote. Hicho hasa ndicho kilichomponza.

Nenda kwenye mabonde ya Dar es Salaam ambako watu hulima mchicha wa kuuza, uone ufundi huu ukifanywa kwa kasi. Mkulima hushika keni mbili, moja kila mkono, na kupita kati ya matuta akiziinamisha pamoja, maji yakishuka kama mvua ya rasharasha. Mchicha hauvumilii zaidi ya hapo. Mbegu zake ni ndogo mno, ndiyo maana huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa, la sivyo zinaangukia mahali pamoja kama zimemwagika kwa bahati mbaya. Zikipigwa na maji mazito husombwa hadi pembeni mwa tuta, na huko ndiko utakakoona mchicha umesongamana huku katikati pana kipara. Kwa hiyo tuta hufunikwa nyasi kavu, maji hupitia juu yake, na nyasi huondolewa mara tu miche inapochungulia. Mchicha una mizizi mifupi na majani mengi; hutaka maji karibu kila siku, na hulipa haraka, maana baada ya wiki 3 au 4 unaliwa. Anayekata badala ya kung'oa, akaacha shina lenye vifundo vichache juu ya ardhi, atachuma tena.

Nyanya ni kesi nyingine kabisa. Hutaka maji ya uhakika, lakini haitaki kuogeshwa. Majani yake yakilala yamelowa, ukungu wa bakajani hupata mlango, na katika majira ya baridi na mawingu shamba zima laweza kuungua kwa siku chache. Kwa hiyo nyanya hunyweshwa shinani, asubuhi, na majani ya chini yanayogusa udongo hukatwa ili matone yasirushe ugonjwa juu. Vilevile haipendi kupewa leo na kunyimwa wiki nzima. Tunda likianza kuoza kitako, likafanya doa jeusi lililodidimia upande wa chini, wengi hukimbilia dukani kununua dawa. Mara nyingi hakuna mdudu wala ukungu hapo. Tunda limekosa kalisi, na kalisi husafiri na maji ndani ya mmea. Maji yakija kwa vipindi, nayo huja kwa vipindi, hata kama udongo unayo tele. Ukiona nyanya zimepasuka baada ya mvua ya ghafla, kisa ni kilekile: zilikaa na kiu, kisha zikanywa kwa pupa.

Mtihani mkubwa zaidi ni kuona mmea umenyauka na kujizuia usimwage maji. Saa saba mchana mboga nyingi hulegeza majani hata penye unyevu wa kutosha, kwa sababu jua linayavuta maji haraka kuliko mizizi inavyoyapandisha. Hukumu itolewe jioni, au alfajiri. Nyanya iliyobaki imenyauka alfajiri, majani yakiwa bado kijani na udongo umelowa, haina kiu. Huenda ina mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize katika glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, umepata jibu. Maji hayatausaidia mmea ule. Yatautembeza ugonjwa hadi kwa jirani zake. Ung'oe na udongo wake, na kwa misimu kadhaa mahali pale pasipandwe nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo, maana hao wote ni ukoo mmoja na huugua pamoja.

Kitaluni nako kuna somo la kunyima. Miche iliyosongamana na kuloweshwa kila saa hupatwa na kinyausi: shina hunyong'onyea pale linapotoka ardhini, na mche unalala kifudifudi usiku mmoja. Ile iliyopona, siku saba hivi kabla ya kupandikizwa, hupunguziwa maji na kuachwa ionje jua. Mtu mwenye huruma ya haraka huona ukatili. Lakini mche ulioonja kiu kidogo hukaza shina, na ukihamishwa jioni, baada ya kitalu kuloweshwa vizuri ili mizizi itoke na udongo wake, kesho yake unasimama.

Kwenye vyungu na makopo, mimea hufa zaidi kwa kuzama kuliko kwa kukauka. Mizizi hupumua, udongo uliojaa maji hauna hewa, na mzizi usiopata hewa huoza, kisha mmea hunyauka kwa kukosa maji ilhali umekaa ndani ya maji. Mwenye nyumba akiuona umenyauka huongeza tena. Mmea wenye kiu huweza kuokolewa jioni hiyohiyo, ila uliozidishiwa mara nyingi hauna wa kuuokoa, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo ndoo kuukuu, kopo la rangi au sufuria iliyokwisha kazi itobolewe matundu ya kutosha chini. Wengi huweka kokoto chini ya udongo wakidhani zinasaidia kuchuruza. Hazisaidii: maji husita pale udongo laini unapokutana na mawe, na unyevu uliosimama hukaa juu zaidi, karibu na mizizi. Matundu na udongo wenye mboji na mchanga vinatosha.

Viungo vya dirishani vinaonyesha jinsi kiu ya mmea inavyosimulia kwao. Rosemari ni ya miteremko mikavu yenye mawe kando ya bahari ya Mediterania. Ukiinywesha kama mchicha hubaki kijani siku nyingi, kisha hukauka yote kwa mara moja, na utaapa kuwa hukuikosea. Isubiri hadi udongo wa juu ukauke kabisa. Mnanaa ni kinyume chake, hukaa vizuri karibu na bomba linalodondoka, ila upandwe ndani ya ndoo, kwa sababu ukiachiwa ardhi hautaki kushirikiana na mtu. Mrehani hunywa vizuri na hutaka kukatwa vikonyo vya maua ili uendelee kutoa majani. Mchaichai ukishashika mizizi hujitegemea, na huvumilia kiangazi kwa majani ya kingo kukauka tu.

Maua nayo yana ukaidi wake. Bogenvilia, ambayo kwao ni Amerika Kusini, ukiipenda kwa maji itakushukuru kwa majani. Ukiinyima kidogo, ikiwa juani, ndipo inapowaka rangi. Asumini, ambayo visiwani Zanzibar hutungwa na kutiwa kwenye vikuba, hutaka unyevu usiokatika na mkasi usio na woga. Na lipo ua dogo la zambarau lililotoka kwetu likawa maarufu ugenini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilikuta katika eneo la Usambara na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Watu wa huko walilitunza kwa kujifunza lilivyoishi: kwenye kivuli cha msitu, juu ya miamba yenye unyevu usiotuama. Ndiyo maana hunyweshwa kwa kuweka kisahani cha maji chini ya chungu. Matone ya maji baridi yakilidondokea huacha madoa juu ya majani yake ya manyoya.

Ufundi wa maji una upande wa kuyatunza pia, hasa kwa anayeyanunua kwa dumu. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya mgomba hupunguza sana ukavu, mradi yasibanane na shina. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende tutani moja kwa moja. Yale ya sabuni ya unga yana chumvi, na yakirudiwarudiwa huuchosha udongo. Kiangazi tuta lichimbwe lizame kidogo ili lishike kila tone. Masika liinuliwe, na kazi ya mkulima igeuke kuwa kuyafukuza maji kwa mitaro. Ukipata mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi, ufukie hadi shingoni katikati ya bilinganya zako, ujaze, ufunike mdomo mbu wasitage. Maji yatapenya kutani polepole, mengi udongo ukikauka, machache ukilowa.

Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro walilielewa jambo hili kama sheria. Kabla ya ukoloni walikwisha kuchimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito kando ya milima hadi vihambani, ambako migomba, magimbi na mboga huishi chini ya kivuli cha miti, na baadaye kahawa ikaongezwa. Maji yalikuwa na zamu, na mfereji ulikuwa na siku zake za kusafishwa. Asiyejitokeza na jembe alijua itakuwaje zamu yake ikifika. Pale kumwagilia hakukuwa kazi ya kumwachia mtoto. Wazee waliketi na kuijadili.

Nasifu basi ufundi huu usio na chombo cha kujivunia. Unamtaka mtu aje kila siku, na siku nyingine aje asifanye kitu. Hauongezwi kwa kununua. Mbolea ina maelezo kwenye mfuko wake, ila hakuna mfuko unaoweza kukuandikia tuta lako la uani linataka nini Jumatano hii, baada ya upepo wa jana.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi simtumi kwanza kwenye duka la pembejeo. Namwambia apande tuta moja la mchicha, shina moja la nyanya, rosemari kwenye ndoo iliyotobolewa, na bogenvilia ukutani. Akimaliza msimu mmoja na mimea yote minne i hai, bila kuupa mmoja kiu ya mwingine wala kuulazimisha unywe kwa ajili ya mwenzake, amekwisha kuwa mtunza bustani. Yaliyobaki muuza mbegu anaweza kumfundisha.