Tundu Refu Chini ya Meza

Meza yetu ya kwanza ilipasuka usiku. Tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na asubuhi tukaukuta ufa umefuata nyuzi za mbao karibu na katikati. Ilikuwa ya mninga safi. Karakana iliyoitengeneza iliapa kwamba mbao zilikuwa kavu, na sidhani kama walidanganya: zilikuwa kavu kwa hewa ya Dar es Salaam. Sisi tukaziingiza kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Meza ya pili tuliichongesha mtaani Keko, kwa fundi mwingine, mninga uleule. Ipo chumba kilekile, mwaka wa nne sasa, haina ufa. Nimelala chali chini yake mara kadhaa kutafuta tofauti.

Mbao haziachi kunywa na kutoa unyevu hata baada ya kurandwa. Hewa ya pwani huziacha na unyevu wa asilimia 14 au 15 hivi ya uzito wake mkavu. Kiyoyozi huushusha hadi 9 au 10. Unyevu ukitoka, ubao husinyaa, ila si pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi, hausogei kiasi cha kuonekana. Kwa upana husogea. Mninga ni mpole kuliko miti mingi, ndiyo maana maseremala wanaupenda, achilia mbali rangi yake. Hata hivyo uso wa meza wenye upana wa sentimita 90 utapoteza milimita kadhaa.

Hapo ndipo meza ya kwanza ilipokosewa. Chini ya uso wa meza nyingi kuna fremu, na mbao fupi za fremu hukatiza upana wa uso. Nyuzi zake zinafuata upana huo, kwa hiyo hazisinyai. Fundi alipaka gundi, akakaza skrubu kila upande. Uso ukataka kujivuta, fremu ikakataa, na kwa kuwa kingo zote mbili zilikuwa zimeshikwa, mbao zikaachana katikati.

Tusiilaumu gundi lakini. Uso wa meza ya pili ni mbao sita zilizogundishwa ubavu kwa ubavu, nyuzi zikielekea upande mmoja. Zinavimba na kusinyaa pamoja, hazigombani. Ndimi za fremu nazo zimegundishwa ndani ya matundu ya miguu, na hapo mbao ni nyembamba mno kuleta ugomvi. Ni mahali pamoja tu ambapo gundi haipo: kati ya uso na fremu. Hapo kuna skrubu peke yake. Ya katikati imekazwa kwenye tundu la kawaida. Za pembeni zimepita kwenye matundu yaliyorefushwa kwa patasi kufuata upana, kila moja na washa yake, zimekazwa kiasi cha kushika bila kubana.

Uso ukifunguliwa, meza hupita kwenye korido yetu nyembamba, jambo ambalo fundi alilipima kabla hata ya kuuliza tunataka rangi gani. Alitukalisha pia kwenye viti vyetu wenyewe, akapima kutoka kiti hadi mapaja ya mama, ndipo akaamua kina cha fremu. Vanishi akaipaka juu na chini. Ile ya kwanza ilipakwa juu tu, na upande ulioachwa wazi hupoteza unyevu haraka kuliko mwenzake, ubao ukaanza kupinda.

Nilimwona kichaa pale alipoleta mbao kabla ya kuzikata, akazipanga chumbani mwetu zikitenganishwa kwa vijiti, akaziacha wiki tatu. Nikamuuliza, kama zimeshazoea kiyoyozi, matundu marefu ya nini? Akacheka. "Na umeme ukikatika?"

Masika iliyopita tulisafiri, nyumba ikabaki imefungwa, kiyoyozi kimezimwa. Tuliporudi nilichukua tochi nikaingia chini ya meza. Skrubu za pembeni zilikuwa zimesogea nje kidogo, na nyuma ya kila washa kulikuwa na mstari mwembamba wa mbao iliyosuguliwa. Ya katikati ilikuwa palepale.