Maana na Matumizi ya Neno Humanitas: Uhakiki wa Mtazamo wa Gellius

Katika karne ya 2 B.K., Aulus Gellius, mwandishi wa Noctes Atticae, aliwakosoa waliolitumia neno la Kilatini humanitas kwa maana ya wema kwa watu wote, yaani philanthropia ya Wagiriki. Kwa maoni yake, wajuzi wa Kilatini fasaha, wakiwemo Varro na Cicero, walikusudia jambo lililo karibu na paideia: elimu na malezi katika taaluma bora, ambayo mwanadamu pekee miongoni mwa wanyama amejaliwa. Makala hii inahoji mgawanyo huo.

Anayemkanusha Gellius ni shahidi wake mwenyewe. Mwaka 62 K.K., Cicero alimtetea Archias, mshairi mzaliwa wa Antiokia, ambaye uraia wake wa Roma ulipingwa mahakamani. Mwanzoni mwa hotuba, humanitas ni elimu ambayo Cicero anaomba ruhusa kuizungumzia. Mwishoni, ni upole ambao waamuzi wanaombwa kumtendea mshtakiwa. Elimu na hisani zinatetea uraia wa mtu mmoja kwa neno moja.

Hata hivyo, neno hilo lina upande wa giza. Katika Agricola, Tacitus anaeleza jinsi wana wa wakuu wa Britania walivyofunzwa elimu ya Kirumi, na watu wakapenda toga, mabafu na karamu. Wasiojua waliiita hali hiyo humanitas, ilhali ilikuwa sehemu ya utumwa wao.

Kiswahili hakina kisawe kimoja kinachobeba yote haya. "Utu" una wema, lakini hauhitaji elimu: asiyesoma huweza kumzidi msomi kwa utu. "Ustaarabu" una malezi, lakini asili yake, yaani kujifanya Mwarabu, inaukaribia mfano wa Tacitus. "Uungwana" husifu tabia njema, lakini pia ulimtenga mwungwana na mtumwa.

Suala hili si la watunga kamusi pekee. Wanaozitetea taaluma za insia kwa ujuzi unaopatikana humo tu wanarudia kosa la Gellius. Wanaozitetea kwa utu tu wanasahau kwamba utu haufunzwi chuoni pekee. Inapendekezwa kwamba humanitas ifafanuliwe kwa maana zake mbili pamoja, na kila sera ya insia iulizwe swali la Tacitus: je, elimu hii inamkomboa mwanafunzi, au inamzoesha utii?